Nani Atawarudishia Miaka Yao?

Hapa shuleni hakuna vitabu vichakaavyo upesi kama hadithi za kubuni za sayansi: safari za kwenda kwenye nyota, mashine zenye akili, vita vya angani. Kitabu kimoja kikiingia bwenini huzunguka vitanda ishirini kabla hakijarudi maktaba, na kikirudi jalada limekwisha kung'oka. Sioni ubaya wo wote katika jambo hilo. Lakini naona twavisoma vingi kwa jicho moja tu. Twahesabu nani alishinda, na kwa silaha gani, kisha twakifunga kitabu na kukimbilia chakula.

Tukifungua na jicho la pili, twaona jambo jingine. Katika hadithi hizi anayepigana mara nyingi ni mtoto, na aliyeanzisha vita ni mtu mzima. Watu husema kwamba hadithi za namna hiyo zasifu ushujaa wa watoto. Mimi nasema kwamba zilizo bora ni mashtaka juu ya wakubwa. Na kosa kubwa wanaloshtakiwa, zaidi hata ya kumpa mtoto silaha, ni kumficha ukweli. Yafuatayo ni maelezo yangu.

Nianze na kitabu kiitwacho Ender's Game, kilichoandikwa na Mmarekani Orson Scott Card na kutolewa mwaka 1985. Kilipata tuzo za Hugo na Nebula, ambazo ni tuzo kubwa za hadithi za sayansi huko Marekani, na mwaka 2013 kikafanywa sinema. Wengi wetu tumeiona sinema tu. Yafaa mjue kwamba mtoto wa kitabuni ni mdogo kuliko yule wa sinemani. Hadithi inapoanza ana miaka sita.

Jina lake ni Andrew Wiggin, lakini huitwa Ender. Dunia imekwisha kuvamiwa mara mbili na viumbe wa sayari nyingine wanaofanana na wadudu, na wanadamu wanaogopa kwamba watakuja mara ya tatu. Basi maafisa wa jeshi huchagua watoto wenye akili nyingi na kuwapeleka Shule ya Vita, iliyojengwa angani. Huko hakuna likizo ya kwenda nyumbani kwa miaka mingi. Sisi wa bweni ambao huandika ukutani idadi ya siku zilizobaki kabla ya kufunga shule twaweza kufahamu maana yake. Masomo yao ni mchezo: majeshi mawili ya watoto huingia katika chumba kikubwa kisicho na uzito, wakirushiana miali inayogandisha nguo, na kila mchezo huandikwa alama.

Mkuu wa shule hiyo, Kanali Graff, anafanya kazi moja kwa bidii sana: kumtenga Ender na watoto wenzake. Hata kabla chombo hakijafika angani, anamsifu mbele ya wote na kuwaambia wengine kwamba hawana akili kama yake. Matokeo mnaweza kuyakisia. Mtoto anachukiwa siku ile ile. Kanali hakukosea kusema hivyo, alikusudia. Anataka Ender aamini kwamba hata akipigwa, hata akitaka kuuawa, hakuna mtu mzima atakayekuja kumsaidia, ili azoee kujiokoa peke yake. Watoto wawili wanamvamia kwa nyakati mbalimbali, mmoja duniani na mwingine huko shuleni. Anajitetea, nao wanakufa. Yeye haambiwi kwamba wamekufa. Wakubwa wanajua, nao wananyamaza, maana wanahofu kwamba akijua hatapigana tena.

Kisha unakuja mwisho. Ender anapelekwa Shule ya Makamanda, ambako mashine humwonyesha merikebu za angani zikipigana, naye huziongoza. Anaambiwa kwamba ni mazoezi, na kwamba adui anayemwona ni mwalimu wake tu. Halali vizuri, hali vizuri, wenzake wanaanza kuanguka kwa uchovu. Siku ya mtihani wa mwisho anaona amepewa vita visivyo vya haki, adui ni wengi mno. Anachukia. Anaamua kuvunja kanuni na kuiteketeza sayari nzima ya adui, akitumaini kwamba watamfukuza shule, naye apumzike. Tazameni ni mawazo ya kitoto kiasi gani! Mwanafunzi aliyechoka anafanya utundu ili afukuzwe. Anapogeuka anawaona maafisa wanalia kwa furaha. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba mazoezi yale hayakuwa mazoezi. Merikebu zilikuwa za kweli, askari waliokufa ndani yake walikuwa watu wa kweli, na taifa zima la viumbe limekwisha kwa amri yake. Wakati huo bado ni mtoto ambaye hapa kwetu angekuwa shule ya msingi.

Wazee wetu walisema, mtoto akililia wembe mpe. Mithali hiyo yamhusu mtoto anayekataa kusikia. Ender hakulilia wembe. Aliwekewa mkononi, akaambiwa ni mchezo.

Labda msomaji atauliza, ameibiwa nini basi, ikiwa alishinda na jina lake likawa kubwa? Mimi naona ameibiwa mambo matatu.

Kwanza, ameibiwa wenzake. Rafiki wa utotoni hapatikani ukubwani kwa bei yo yote. Kila Ender alipopata mwenzi, wakubwa walimhamisha, au walimpandisha cheo ili awe bwana wa yule aliyekuwa ndugu.

Pili, ameibiwa nafasi ya kukosea. Hilo ndilo jambo lililo bora katika utoto, ingawa hatulisemi. Mtoto akivunja sahani, sahani nyingine itanunuliwa. Akikosea hesabu, mwalimu atatia alama nyekundu na kesho ataijaribu tena. Makosa yetu ni madogo kwa sababu wakubwa wamesimama kati yetu na mambo makubwa. Wakubwa wa Ender waliondoka pale mahali pao, wakamsimamisha yeye. Kosa lake moja haliwezi kufutwa hata kwa wino mwekundu wa dunia nzima.

Tatu, ameibiwa njia ya kurudi nyumbani. Vita vinapokwisha, mataifa ya duniani yanaanza kugombana juu ya nani atakayemtumia kamanda huyo mdogo, na kwa hiyo harudi kabisa. Kanali Graff yeye anashtakiwa barazani kwa mambo aliyowatenda watoto, anaachiliwa, na maisha yake yanaendelea. Mwandishi hapigi kelele juu ya jambo hili. Analitaja kwa ufupi tu, na ufupi huo waniuma zaidi.

Hadithi nyingine zaonyesha jinsi wakubwa wanavyopata kibali cha mtoto bila kumfunga kamba. Huko Japani, mwaka 1995, Hideaki Anno alianza kuonyesha katika televisheni mfululizo wa katuni uitwao Neon Genesis Evangelion. Humo yumo kijana wa miaka 14, Shinji, ambaye baba yake alimwacha kwa miaka. Siku moja baba anamwita. Mtoto anafikiri ameitwa kama mwana. Anakuta ameitwa kuendesha jitu la vita. Anakataa. Basi wanamletea kitandani msichana wa umri wake, aliyefungwa bendeji, damu inamtoka, na kumwonyesha kwamba yeye akikataa, huyu atakwenda. Je, hapo mtoto amechagua? Kinywa chake kilisema ndiyo, lakini jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa na wakubwa. Kumtia mtu haya mpaka akubali ni njia ya kumlazimisha, tena ni njia ya ujanja, maana baadaye utamwambia: wewe mwenyewe ulitaka.

Njia ya pili ni njaa. Katika The Hunger Games, kitabu cha Mmarekani Suzanne Collins kilichotoka mwaka 2008, kila mwaka serikali hupiga kura na kuwachukua watoto 24 wa miaka 12 hadi 18, wauane mbele ya watazamaji. Kura ingeonekana ni ya haki kwa wote. Lakini mtoto maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake katika kura ili nyumba yake ipate nafaka na mafuta ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mwenye njaa jina lake limo mara nyingi, na mwenye shibe limo mara chache. Hakuna askari aliyemsukuma. Chungu kitupu kilimsukuma. Naomba wazazi wakisome kitabu hiki, maana wanaojua bei ya nafaka watakielewa kuliko sisi.

Sasa nijibu neno ambalo rafiki zangu bwenini huniambia kila tunapobishana. Wao husema hivi: "Je, kama dunia nzima inakaribia kuangamia, na mtoto mmoja tu ndiye awezaye kuiokoa? Afadhali utoto wa mmoja upotee kuliko watu wote kufa." Ni hoja yenye nguvu, wala siidharau. Maafisa wa Ender nao walifikiri hivyo, na kama wangejua Kiswahili wangetuambia: samaki mkunje angali mbichi. Walitaka watoto kwa sababu watoto hujifunza upesi na hukunjika.

Lakini someni kitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Huko Ender anagundua kwamba viumbe wale hawakuwa na nia ya kuja mara ya tatu. Walikuwa wameshambulia bila kufahamu kwamba wanadamu ni viumbe wenye fikira, kila mmoja na nafsi yake, walipofahamu, walijuta. Vita vile ambavyo vilikula utoto wake havikuwa na haja. Na nani angeweza kuligundua jambo hilo mapema? Ni yeye Ender, ambaye kipawa chake kilikuwa kumfahamu adui mpaka kumpenda. Walimpa kazi ya kupiga, wakamnyima kazi ya kuuliza. Kama wangemwambia ukweli, huenda angeuliza swali ambalo wakubwa wote walishindwa kuliuliza: je, mna hakika kwamba wanakuja? Mtu aliyedanganywa hawezi kuuliza vizuri, maana hajui jambo lenyewe ni lipi. Kwa hiyo uongo wao haukumdhuru mtoto peke yake. Uliwanyima na wao wenyewe shauri jema. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa, na nawaomba rafiki zangu waijibu wakiweza.

Wengine watasema, haya ni mambo ya kubuni, ya nini kujisumbua? Lakini watungaji hawakuyatoa hewani. Huko Okinawa, kisiwa cha Japani, mwezi Machi mwaka 1945, wasichana 222 wa shule mbili walichukuliwa pamoja na walimu wao 18, wakauguze askari katika mapango. Tarehe 18 Juni, mapigano yakiwa makali, wakapewa amri kwamba kikosi kimevunjwa, kila mtu aende zake. Aende wapi, na risasi zaruka pande zote? Katika wanafunzi na walimu hao 240 walikufa 136, na wengi wao walikufa baada ya amri ile. Wakubwa waliwachukua walipowahitaji, wakawaacha walipoona mzigo. Sisemi kwamba watungaji wa katuni waliandika juu ya wasichana hao. Nasema kwamba nchi iliyopitia hayo haihitaji kwenda angani kutafuta habari za mtoto aliyetumwa vitani.

Wala sisi hatuhitaji kwenda Japani. Huko Ituri, mashariki ya Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, watoto walitiwa katika jeshi la Thomas Lubanga katika miaka ya 2002 na 2003. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia katika mapigano, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza kabisa iliyotolewa na mahakama hiyo.

Kesi nyingine yanifikirisha zaidi. Dominic Ongwen wa Uganda aliibwa na waasi wa Lord's Resistance Army akiwa mtoto mdogo, akakulia msituni, akawa kamanda. Mwaka 2021 alitiwa hatiani kwa makosa mengi, na mojawapo lilikuwa kuwatia watoto katika vita, yaani kosa lile lile alilotendewa yeye. Alipewa miaka 25, na majaji walipopima adhabu yake waliukumbuka utoto wake ulioibwa. Haki ya walioumizwa naye ni lazima ipatikane. Hata hivyo, huyo ndiye samaki aliyekunjwa angali mbichi. Waliomkunja walifikiri wanapata askari mmoja, kumbe wanapanda mbegu ya watoto wengine wengi waliokuja kuibwa.

Sheria iko. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, wasema kwamba mtoto ni mtu ye yote wa chini ya miaka 18, na kwamba nchi zihakikishe mtoto hashiriki moja kwa moja katika mapigano. Itifaki ya Umoja wa Mataifa juu ya jambo hilo ilianza kazi tarehe 12 Februari 2002. Mimi nina miaka 17. Kwa sheria hizo bado ni mtoto, na siionei haya sheria hiyo, ijapokuwa ndevu zimeanza kuota na wadogo wa Kidato cha Kwanza waniita kaka. Mwaka mmoja uliobaki ni wangu, nao nataka kuumaliza.

Basi tufanye nini? Kwenu wanafunzi wenzangu nasema, endeleeni kusoma hadithi hizi, lakini kila mfungapo kitabu jiulizeni maswali matatu. Nani alianzisha vita? Nani alimwambia mtoto ukweli? Nani atamrudishia miaka yake? Muhula uliopita sinema ya Ender ilipoonyeshwa ukumbini, sayari ilipowaka moto ukumbi mzima ulipiga makofi. Naelewa, maana mtungaji wa sinema alituandaa tupige. Lakini tazameni uso wa mtoto yule anapoambiwa ukweli, mwone kama yeye alipiga makofi.

Kwenu walimu wetu naomba kwa heshima kwamba baada ya sinema ya Jumamosi tupewe nusu saa ya kujadiliana kabla ya kengele ya kulala. Dakika thelathini zatosha kulifungua jicho la pili.

Na kwenu wazazi wetu nina neno moja, nalo si la angani. Vita vya wakubwa si vya bunduki tu. Kuna nyumba ambamo baba na mama hawasemezani, na mtoto ndiye anayetumwa na maneno kutoka chumba hiki kwenda kile. Kuna koo zinazogombania shamba, na mtoto huambiwa asimwamkie baba yake mdogo, wala haambiwi sababu. Huyo naye ametiwa jeshini. Amepewa adui asiyemchagua, na habari zilizokatwa nusu. Twawaomba msituingize katika vita vyenu. Na kama haiwezekani kutuepusha navyo, basi tuambieni ukweli kadiri ya umri wetu. Twaweza kuustahimili kuliko mnavyodhani. Na huenda mmoja wetu akauliza swali dogo ambalo litamaliza ugomvi wa miaka kumi.

Mtu mzima aliyepoteza shamba aweza kununua jingine. Aliyepoteza cheo aweza kukipata tena. Mtoto aliyepoteza miaka yake, iwe kitabuni au Ituri, hana duka la kuinunua, na hakuna ushindi wo wote uliokwisha kumlipa. Anayetaka kunipinga aandike. Mhariri bila shaka atampa nafasi katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne